DM wa Mombasa, acheni kula sloti za wachezaji bure!

Wakuu, huu ni uzi wa hasira na sitauvika nguo nyingine. Meza za D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) hapa Mombasa, iwe Nyali, Tudor au Mji wa Kale, zina ugonjwa mmoja. Mchezaji anatangaza kutumia speli, yaani uchawi wa mhusika wake, kwa namna ambayo kitabu cha sheria hakikuitaja. DM, yaani msimamizi wa mchezo, anaitikia kwa kichwa, anasema "haya, futa sloti," dadu zinarushwa, kisha ndipo inatoka hukumu: "Hakuna kilichotokea." Sloti (nafasi ya kutumia speli, nazo ni za kuhesabu) imekwenda, zamu imekwenda, na mwenyewe hakuonywa. Huo ni wizi wa mchana.

Kleriki, yaani mhusika kuhani, wa leveli ya 3 ana sloti nne za daraja la kwanza na mbili tu za daraja la pili mpaka apumzike usiku kucha. Ukimlia moja ya daraja la pili kwa jambo ulilokuwa unajua tangu mwanzo kwamba halitafaulu, umemnyang'anya nusu ya speli zake kubwa za siku nzima. Na mhusika wake amesomea uchawi huo miaka na miaka, anajua unafika wapi na unakomea wapi. Asiyejua ni mchezaji, kwa sababu pale mezani hana macho wala masikio ila DM. Ukinyamaza, umempofusha halafu unamlaumu kwa kujikwaa.

Kinachotakiwa ni kidogo sana. Kabla sloti haijafutwa, DM aseme mambo matatu kwa sauti: ikifaulu kitatokea nini, isipofaulu kitatokea nini, na ni dadu gani inaamua. Kisha amuulize mchezaji, "Unaendelea?" Akisema hapana, zamu yake bado ni yake. Hayo yote hayamalizi nusu dakika.

Sasa msije na kisingizio kwamba hamjui mpime vipi. Maandishi ya speli yenyewe ndiyo mizani. Soma inalenga nini, kitu au kiumbe. Soma umbali, kiasi na muda. Mfano ambao umechosha kila meza ni wa Kuumba au Kuharibu Maji, ya daraja la kwanza. Kila msimu anatokea mtu wa kutaka kujaza maji mapafu ya adui. Jibu limo ndani ya speli: maji yanaumbwa kwenye chombo kilicho wazi, ndani ya futi 30, yaani mita 9 hivi, na hayazidi galoni 10, kama lita 38. Hiyo ni karibu mitungi miwili ya lita 20 ya kwenye mkokoteni wa maji. Kifua cha mtu si chombo, sembuse kuwa wazi. Mwambie hivyo kabla hajafuta chochote, mwendelee.

Lakini DM yuleyule anayekataa mapafu anakataa na mambo halali, na hapo ndipo damu inapochemka. Speli hiyo hiyo inaweza kunyesha mvua kwenye eneo la futi 30 kila upande na kuzima miali iliyo wazi. Kwa hiyo paa la makuti lililowashwa na speli ya Mpira wa Moto linazimika, sehemu yote iliyo ndani ya eneo hilo, bila dadu, bila mjadala. Imeandikwa! Inaweza pia kufuta ukungu kwenye eneo la ukubwa huo. Pipa la baruti lililofunguliwa likijazwa maji, baruti imelowa, basi. Hayo si maombi ya upendeleo.

Na ya katikati je? Mchezaji anataka mvua igeuze uwanja wa vumbi kuwa tope ili maadui wasikimbie. Kitabu kimenyamaza. Tafuta speli ya daraja lilelile inayofanya kazi ya jirani, uipime nayo. Mafuta ya Utelezi ni daraja la kwanza, yanafunika futi 10 kwa 10 tu, yanapunguza mwendo na yanaweza kumwangusha mtu asiposhinda rusho la dadu la wepesi. Tope la mvua ni pana zaidi, basi liwe hafifu zaidi: mwendo unakuwa nusu, hakuna anayeanguka, na lisidumu zaidi ya dakika moja kama mafuta. Mchezaji amepata alichokitaka, na aliyechagua Mafuta ya Utelezi hajaonekana mjinga. Kama sakafu ni ya mawe, hakuna tope, na hilo nalo linasemwa mapema.

Mafuta yenyewe yana ugomvi wake: yanawaka au hayawaki? Toleo la sheria la 2014 halisemi, la 2024 limeandika kwamba hayashiki moto. Mnaocheza la 2014, amueni mara moja. Ukikubali yawake, yawake mara moja tu, anayesimama ndani aumie 1d10 (dadu moja ya pande kumi), na mafuta yaishe hapohapo. Hiyo 1d10 sikuitoa hewani. Mwongozo wa DM wa 2014 una jedwali la madhara ya kubuni: kwa leveli 1 hadi 4, pigo dogo ni 1d10, la hatari ni 2d10, la kuua ni 4d10. Jedwali hilo lipo tangu 2014 na bado kuna DM anabuni 8d6 kwa sababu wazo lilimfurahisha, halafu wiki ijayo anakataa wazo lile lile kwa sababu amechoka.

Kupasha Chuma ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi mnavyokosea pande zote mbili. Ni daraja la pili, inalenga kitu kimoja cha chuma kilichotengenezwa, inaunguza 2d8, na mpiga speli akishika umakini, asivurugwe, anaweza kurudia kila zamu kwa kitendo cha ziada mpaka dakika moja. Deraya nzito inavuliwa kwa dakika tano. Aliyeivaa ataungua muda wote wa speli na hana pa kwenda. Ukali huo unatosha, haina haja ya kuongezewa eti mvuke unampofusha.

Kampeni ikiwa ya pwani, mtu atataka kuzamisha chombo cha adui kwa kupasha misumari. Hapa DM lazima ajue chombo. Mtepe hauna msumari hata mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, kwa hiyo speli haina cha kushika kwenye ubavu wake. Jahazi lina misumari, lakini speli inashika kitu kimoja: msumari mmoja, tena mpigaji auone. Msumari mmoja ukiwaka, ubao unaungua tundu dogo na kutoa moshi. Chombo hakizami. Nanga je? Nanga ni kitu kimoja cha chuma, wanaoivuta kwa mikono wataiachia. Hilo ni wazo zuri na linastahili kufanya kazi bila DM kununa.

Kufuli pia. Speli inasema chuma kinakuwa chekundu kwa moto, haisemi kinayeyuka. Chuma huanza kung'aa wekundu mapema sana kabla ya kuyeyuka, ambako kunahitaji nyuzi zaidi ya 1,500 za selsiasi. Kwa hiyo kufuli halidondoki kama nta. Lakini ubao uliolishika unaungua, na dakika moja ni mizunguko kumi ya sekunde sita. Mpe mchezaji nafuu ya kuvunja mlango, umwambie harufu na moshi vitafika ndani. Hiyo ni faida yenye bei, na ameijua bei kabla ya kulipa.

Kiinimacho Kidogo ndicho kinachonyanyaswa kuliko vyote. Mchezaji anaweka sanduku la uongo kwenye kichochoro, anajibanza nyuma yake. DM: "Mlinzi anagundua." Kwa nini? Kwa dadu ipi? Speli inasema anayekagua atumie kitendo chake kizima, arushe dadu ya uchunguzi ifikie kiwango cha mpiga speli. Kwa leveli ya 1 mwenye kipaji cha 16, kiwango hicho ni 8 ongeza 2 ya ujuzi ongeza 3 ya kipaji hicho, yaani 13. Mlinzi anayepita doria hana sababu ya kutumia kitendo kukagua sanduku kwenye mji wa bandari. Akiwa analala pale kila siku na anajua halikuwepo, sawa, ana sababu. Akiligusa, mkono unapita, mchezo umekwisha. Akirusha mshale ukapenya, vivyo hivyo. Mchezaji naye akumbuke mipaka: futi 5 kila upande, ni picha au ni sauti, haviji pamoja, na picha haitoi mwanga wala harufu. Ukiumba taa, haimuliki kitu.

Wachezaji, msicheke, nanyi mmo. Mnaoweka speli ya Mwanga kwenye mboni za adui ili apofuke: speli inagusa kitu, na jicho la mtu aliye hai si kitu. Kupofusha kuna speli yake, daraja la pili, na adui anajaribu kujinusuru kila mwisho wa zamu yake. Hamwezi kuipata bure kwa kantripu, speli ndogo isiyokula sloti. Kwa toleo la 2014, gusa ngao yake badala yake; la 2024 haliruhusu kitu alichoshika au alichovaa mtu mwingine. Adui atarusha wepesi kuikwepa, na akishindwa ngao itang'aa gizani na wapiga mishale wenu watamwona wazi. Mnaotaka kumkuza mtu ndani ya shimo ili apasuke: speli inasema nafasi isipotosha anakua mpaka inapofika, anakomea hapo. Mnaopanga wanakijiji mstari mrefu wapokezane mkuki ndani ya mzunguko wa sekunde sita halafu mnataka madhara ya kasi ya risasi: sheria ile ile iliyowaruhusu kupokezana haina madhara ya kasi. Hamwezi kutumia sheria njiani kisha fizikia mwishoni. Mwongozo wa DM wa 2024 umesema waziwazi kwamba sheria si fizikia.

Kuna wanaojibu, "Basi tuhamie mchezo wenye uchawi huru." Hameni, lakini hamtaikimbia bei. Ars Magica, iliyotoka 1987, inakuacha uunde uchawi papo kwa papo kwa kuunganisha mbinu tano na maumbo kumi. Nako jumla ya nguvu ya uchawi wako inagawanywa kwa mbili ukikubali kuchoka, kwa tano usipokubali. Uhuru umepimwa kwa hesabu, na kila mtu anaiona hesabu hiyo kabla.

Jambo la mwisho ni daftari. Uamuzi ukishatolewa, uandikwe pale pale: jina la speli, alichotaka, kilichoamuliwa, tarehe. Wazo jipya likikubaliwa katikati ya pambano, sema "linafanya kazi leo, tutalipima baada ya kikao," ili meza isisimame nusu saa. Likionekana limezidi, lipunguzwe kuanzia kikao kijacho, si kwa kumgeuka mtu aliyekwisha kulipia. Na yaliyoandikwa yawafunge maadui pia. Kama tope la mvua haliangushi mtu wakilitumia wachezaji, haliangushi mtu akilitumia jini wa DM.

Anayepinga aje na maandishi ya speli anayoizungumzia na daraja lake. Jibu la "mezani kwangu tunacheza hivi" silijibu. Na DM ambaye jana au juzi amemfutia mtu sloti bila kumwambia kitu, kikao kijacho amrudishie.