Neno "cheche" katika jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, 1969–1970

Mdadisi wa Mlimani
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninapitia nakala za zamani za Cheche, jarida la wanafunzi lililoanza kutoka Mlimani, yaani kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, Novemba 1969, na jambo moja linanitatiza. Makala zake nyingi ni za Kiingereza, lakini jina limebaki la Kiswahili. Je, wahariri walikusudia cheche hizi tunazoziona kwa fundi wa kuchomelea vyuma, au neno lilibeba maana nyingine? Na ilikuwaje neno dogo namna hii likaikera serikali?

Mkutubi Mstaafu
Ndugu Mdadisi, maana ya kamusi ilikuwapo, ila haikuwa ndiyo iliyowavutia wahariri. Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji na wenzao walilichukua neno kutoka katika ukoo wa magazeti: Iskra, gazeti la Lenin na wenzake lililoanza mwaka 1900, na The Spark, lililotolewa Accra enzi za Nkrumah. Majina yote mawili maana yake ni cheche. Kwa hiyo msomaji wa siasa za mrengo wa kushoto aliyeliona jina hilo juu ya karatasi zilizorudufiwa kwa stensili alijua mara moja wenye jarida wanasimama upande gani, hata kabla hajafungua ukurasa wa pili. Waliolitoa walikuwa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichowahi kuongozwa na Yoweri Museveni, wakishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni.

Hapo ndipo kero ilipoanzia. Novemba 1970 USARF na jarida lake vilipigwa marufuku, na hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina Cheche linatoa picha kuwa Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi, ilhali nchi ilikuwa na Azimio la Arusha na falsafa yake yenyewe. Serikali, kwa maneno mengine, ililisoma neno kama walivyolisoma wahariri.

Mpenda Ngeli
Niongeze la lugha. Iskra ni cheche moja, lakini kwa Kiswahili neno halibadiliki, liwe la umoja au la wingi, nasi kwa kawaida husema "cheche zinaruka", mara chache mno "cheche inaruka". Msomaji aliyeliona jina peke yake, pasipo kitenzi cha kumwongoza, angeweza kuona moto mmoja unaoanza au vimoto vingi vinavyotawanyika, na kwa jarida lililoandikwa na watu wengi wenye hoja kali nadhani picha ya pili inafaa zaidi. (Cheche yule mnyama wa jamii ya nguchiro tumwache porini.)

Mwana wa Kariakoo
Pamoja na heshima kwa Mkutubi, mimi siamini kwamba jina ndilo lililoliua jarida. Miezi michache kabla ya marufuku, Cheche ilikuwa imetoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, iliyohoji kama kutaifisha mashirika kumewafikisha wafanyakazi na wakulima popote, au kumewanufaisha tu maofisa na makampuni ya nje yaliyobaki kuwa washirika. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuijibu, na jina la kigeni ni rahisi kulilaumu.

Mkutubi Mstaafu
Ndugu Mwana wa Kariakoo, sipingi. Nilieleza hoja iliyotajwa, si lazima iwe ndiyo iliyouma. Ila tazama kilichofuata: mwaka 1971 tawi lile lile la Vijana wa TANU lilianzisha jarida jingine, na safari hii likaitwa MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Waandishi kadhaa walikuwa wale wale, na ukali haukupungua sana. Jina hilo hakuna ambaye angeweza kusema limetoka Urusi.