Mtu anafuta sifuri, anaweka nyota, halafu anatuambia "ni nyota moja tu"!!!

Wakuu, naandika hapa mkono unatetemeka na chai sijaigusa.

Yule jamaa. Mliopita idara za data mjini hapa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa "nimeboresha kidogo". Jana jioni kaingia kwenye mipangilio ya Airflow (programu inayoendesha kazi za data kwa ratiba) ninayoisimamia, hajaniuliza, hajaniaga, kaboresha kidogo, kaenda zake kulala. Leo kwenye kikao, mbele ya bosi, andazi mkononi, anasema: "Jamani, ni nyota moja tu."

NYOTA MOJA TU!

Ratiba yangu ilikuwa `0 8 * * *` (ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa), na saa za Africa/Dar_es_Salaam zimeandikwa humo humo. Saa mbili kamili asubuhi, mara moja kwa siku: vuta marejesho ya mikopo, safisha namba za simu, tuma SMS za kuwakumbusha wanaodaiwa, basi. Yeye kasikia huko kwamba Airflow inahesabu kwa UTC, saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, akaona anisaidie kupunguza saa tatu. Anapunguza nini wakati saa zilikuwa tayari za Dar? Kazi ikahamia saa kumi na moja alfajiri.

Hilo ningelimeza. Ila pale penye sifuri ya dakika kaweka nyota: `* 5 * * *`. Wakuu, nyota kwenye dakika maana yake KILA DAKIKA. Kuanzia saa kumi na moja kamili mpaka kumi na mbili kasoro dakika moja. Mara 60! Watu wako swala ya alfajiri, msikiti mzima simu zinalia. Kuna mzee kapiga simu ofisini anaapa atauza kitanda leo leo, tumwache tu apumue. Kuna ndoa zimevunjika asubuhi hii, mke anahesabu SMS 60 anadhani mume ana mikopo 60. Salio la SMS la mwezi mzima limekwisha kabla jua halijachomoza.

Na yeye anatafuna andazi. "Ni nyota moja tu."

Kuna mstari mwingine niliuweka, `max_active_runs=1`, ili mzunguko mmoja umalize ndipo mwingine uanze. Kaufuta, eti unachelewesha. Ukiufuta, Airflow inarudi kwenye 16 yake ya kawaida. Basi mizunguko 16 ikagombania jedwali moja kwenye Postgres, hifadhidata yetu, ikafungiana, ikaanguka, na kila ulioanguka ukajaribu tena na kutuma upya. Nikamwonyesha logi, kumbukumbu za mfumo. Hakuangalia hata skrini! Kapangusa sukari vidoleni, kamgeukia bosi, kasema tena ile ile, na bosi KACHEKA.

Nyota moja tu. Nitaisikia hadi kaburini.

kisamvu_cha_jana: Pole mkuu. Huyo alianzia kwetu. Andazi ni lile lile.

Fundi Sanifu: Mleta mada, mfumo unaotuma SMS bila kukagua kama mteja ameshatumiwa leo ni bomu. Jamaa kaligusa tu, wewe ndiye uliyelitega.

Mleta mada: Wewe ndiye yeye, umefungua akaunti mpya! Ukaguzi UPO. Unaangalia jedwali lile lile lililofungiwa. SMS inatoka, alama ya "ametumiwa" inakwama mlangoni. Na ingekuwaje alama iandikwe wakati mizunguko 16 imeng'ang'ania mstari mmoja? Halafu mtu anakwambia nyota moja tu!

Binti Bandarini: Kumbe ni nyie!!! Simu yangu ilizima chaji kabla ya saa moja. Na deni lenu nililipa Ijumaa.

Fundi Sanifu: Mimi siyo yeye. Ila nyota ni moja kweli.

mtu_wa_seva: Nyota ni kitu gani? Wetu aliwasha kazi yenye start_date (tarehe ya kuanzia) ya 2019 na catchup, ile ya kufidia siku zilizopita, hakuizima. Mfumo ukafukua kila siku tangu 2019, ripoti zote zikaingia kwenye barua pepe ya mkurugenzi. Toleo la 3 la Airflow, la Aprili 2025, ndilo lililoizima catchup lenyewe. Sisi bado tuko la 2, tunaambiwa "bajeti".

Binti Bandarini: Nani anahusika na marejesho ya salio langu la simu?

kisamvu_cha_jana: Catchup na nyota vyote afadhali. Kwetu mhasibu anafungua CSV (faili la data la maandishi matupu) kwenye Excel "kuangalia tu", halafu anahifadhi. Namba za 07 zinapoteza sifuri, za 255 zinageuka 2.56E+11. Kesho yake mfumo unatafuta mteja anayeitwa 2.56E+11.

mtu_wa_seva: Hahahaa, huyo mteja hata kwetu anadaiwa.

Dada Leja: Mkishindwa kazi zenu mnamsingizia mhasibu. Nani alitufundisha? Mnatutupia faili saa kumi na moja jioni, mnataka jibu saa hiyo hiyo.

Fundi Sanifu: Dada, usilifungue kwa kulibofya. Nenda Data, From Text/CSV, ile safu ya simu iweke Text kabla hujapakia.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye nyota. Mtu kasimama mbele ya bosi na andazi

Dada Leja: Subiri kwanza mkuu, tunaongea. Fundi, nimeweka Text, sifuri zimerudi! Na tarehe je? Malipo ya tarehe 3 Aprili yananisomea Machi.

Fundi Sanifu: Kompyuta yako iko kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia. Nani aliiweka hivyo?

Dada Leja: Kuna kaka wa IT alikuja, akasema ameboresha kidogo.