Pampu ya pistoni ya zamani: injini imetolewa, mota imefungwa, sasa inagonga na inakula washa

MkulimaKayenze
Wakuu, habari za kazi. Tuna pampu ya pistoni ya kizamani, silinda moja, inasukuma maji pistoni ikienda na ikirudi. Silinda 100 mm, mwendo wa pistoni 120 mm, rodi 25 mm, giya za ndani 5 kwa 1. Inavuta Ziwa Viktoria hapa Kayenze kwa bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 18. Pampu iko mita 4 juu ya maji. Inapeleka kwenye tangi lililo mita 45 juu ya pampu, bomba la inchi 2, mita 300.

Zamani ilikuwa na injini ya dizeli ya mizunguko 650 kwa dakika, puli 220 mm. Sasa imefungwa mota ya fezi tatu, 3 kW, mizunguko 1,440, puli 150 mm. Puli ya pampu ni ileile ya 480 mm. Mwanzoni maji yalikuwa mengi tukafurahi. Sasa inagonga kama nyundo, mota inapata moto, na washa za ngozi (zile zinazoziba pistoni ndani ya silinda) hazimalizi wiki mbili. Tubadilishe nini?

KerezaNyakato
Mkuu, anza na hesabu ya puli. Injini: 650 × 220 ÷ 480 ni karibu 298, gawa kwa 5 za giya, kreki (mhimili uliopinda unaoendesha pistoni) ilikuwa inazunguka mara 60 kwa dakika. Mota: 1,440 × 150 ÷ 480 ni 450, gawa kwa 5 unapata 90. Mmeongeza mwendo kwa nusu nzima. Pampu hizi za zamani hazikutengenezwa kwa haraka hiyo. Valvu zake ni nzito, hazijakaa kwenye kiti pistoni imeshageuka.

Kurudi 60 unahitaji puli ya mota ya 100 mm. Ila kama mikanda yenu ya V ni ya saizi B, usiifunge kwenye puli ya 100. B haipendi kitu chini ya 125 mm, itapasuka kwa ndani. Funga mikanda mitatu ya A, saizi nyembamba zaidi. Kama puli kubwa ni ile bapa ya mkanda wa kitani, si lazima uikereze mifereji: kwa uwiano wa puli wa karibu 5 kwa 1 mikanda ya V inashika vizuri juu ya puli bapa, mradi mota isikae mbali sana na pampu. Puli ndogo tu ndiyo iwe na mifereji.

FundiBomba
Hesabu ya Kereza iko sawa, lakini mwendo peke yake hautamaliza tatizo. MkulimaKayenze, upande wa kuvuta, karibu kabisa na pampu, kulikuwa na chupa ya hewa (chombo chenye hewa juu ya maji, kinachopunguza mshtuko)? Na ile ya upande wa kusukuma bado ipo?

MkulimaKayenze
Ya kusukuma ipo juu ya pampu. Ya kuvuta ilikuwepo, ilitoboka kwa kutu, waliofunga mota wakaitoa wakaweka elbo. Walisema haina kazi.

FundiBomba
Basi ugonjwa ni huo. Maji ndani ya bomba la mita 18 ni zaidi ya kilo 35, na pistoni inayavuta na kuyasimamisha kila inapogeuka. Bila chupa, mwanzo wa kila mwendo unadai nguvu hii: urefu wa bomba ÷ 9.81, mara uwiano wa eneo la silinda kwa bomba (hapa 4), mara nusu ya mwendo wa pistoni (0.06 m), mara kasi ya kreki katika radiani kwa sekunde, ikizidishwa yenyewe. Kwa mizunguko 60 unapata kama mita 17 za maji. Kwa 90 ni karibu 39.

Sasa angalia mlichonacho mfukoni. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa inasukuma maji hadi mita 9 hivi, si 10.3 kama Dar. Punguza shinikizo la mvuke wa maji, toa mita 4 za kimo, toa msuguano wa bomba na futivalvu (valvu ya mwisho wa bomba ndani ya maji): zinabaki kama 4. Unadai 17 kwenye 4. Maji yanakatika nyuma ya pistoni, panabaki uwazi, kisha yanarudi kwa kishindo. Huo ndio ugongaji unaousikia, na ndio unaochana washa kwenye shingo. Ukitaka kuishi bila chupa, kreki isifike hata mizunguko 30.

Ukirudisha chupa, kinachotikisika ni maji ya kipande kifupi kati ya chupa na pampu tu. Kipande cha nusu mita kwa mizunguko 60 kinadai nusu mita ya maji, basi.

Kuitengeneza: bomba la chuma la inchi 6, urefu sentimita 50, linabeba lita 9 hivi. Pistoni yako inahamisha chini ya lita moja kwa mwendo mmoja, kwa hiyo inatosha na kubaki. Isimamishe wima. Maji yaingie na kutoka sehemu ya chini, hewa ibaki juu. Weka koki ndogo kileleni. Ijaribu kwa maji ya sabuni kabla ya kufunga. Tundu dogo la sindano hapo litaingiza hewa kwenye pampu siku nzima.

Chupa ya kusukuma nayo huenda imejaa maji, maana hewa huyeyuka kidogo kidogo. Zima mota KWANZA, ndipo ufunge valvu ya kwenda tangini. Fungua koki ya juu na ya chini, maji yaishe, funga zote mbili, kisha fungua valvu ya tangi kabla ya kuwasha. Ukisahau hiyo ya mwisho, kitu kitapasuka.

BustaniIgombe
Ndiyo maana mnahitaji valvu ya usalama. Injini ikizidiwa inazima au mkanda unateleza. Mota haikuonei huruma: itasukuma mpaka bomba lipasuke au rodi ipinde. Kwa kimo chenu shinikizo la kazi ni kama baa 5, yaani rodi inasukuma karibu kilo 400 kila mwendo. Funga valvu ya usalama ya baa 6 kabla ya valvu yoyote ya kufunga, maji yake yarudi ziwani. Ongeza njia ya pembeni ya robo tatu inchi yenye koki: fungua unapowasha, mota ishike mwendo bila mzigo, kisha funga polepole.

Washa: ukizitoa ziangalie. Zikiwa zimechanika shingoni, ni kile kishindo. Zikiwa na mistari mirefu na midomo imelika, ni mchanga. Ngozi inashika chembe na kuisugulia silinda, kwa hiyo pitisha ukucha ndani. Ukikwama, silinda ikakerezwe na kuvishwa ganda jipya la shaba ndani, la sivyo unanunua washa za bure. Washa mpya ya ngozi ilowekwe kwenye mafuta usiku kucha.

Chujio la mdomo wa bomba la kuvuta likae nusu mita juu ya mchanga na nusu mita chini ya uso wa maji. Matundu yake kwa jumla yawe mara nne ya eneo la bomba, maana magugu maji yataziba sehemu yake tu. Tangu maji yalipopanda 2020 vyujio vingi huku vimebaki chini ya tope.

Pakini ya rodi (kizibo pale rodi inapoingia kwenye silinda) idondoshe matone machache. Ikiwa kavu kabisa, inavuta hewa.

MkulimaKayenze
Asanteni wakuu. Kuna mtungi wa gesi mtupu hapa, unafaa kuchomelewa uwe chupa?

FundiBomba
Hapana. Mtungi "mtupu" wa gesi una mabaki na unalipuka kwenye moto wa kuchomelea. Tafuta kipande cha bomba la inchi 6.

Ukimaliza, pima kwa pipa la lita 200 kule tangini. Kwa mizunguko 60 lijae ndani ya dakika 1 na sekunde 55 hivi. Likifika dakika 2 na robo, fungua valvu za pampu uangalie viti vyake kabla ya kugusa washa.