Masomo ya kulipia yanasomwa bure: nifunge mlango wapi?

Muulizaji (Bukavu): Ndugu zangu, naomba msaada. Nina tovuti ya mazoezi ya hesabu na fizikia kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo), na anayelipa kwa M-Pesa au Airtel Money hufunguliwa masomo kwa siku 30. Ukurasa hutumwa mzima kwenye kivinjari, kisha JavaScript huufunika kwa pazia jeupe msomaji akiwa hajalipa. Juma lililopita kijana mmoja wa Kadutu alinionyesha kwenye simu yake kwamba akizima JavaScript pazia haliji, na majibu yote yanasomeka. Nifanyeje bila kuandika tovuti upya?

Jibu la 1: Ndugu, kilichokwisha kufika kwenye simu ya mtu hutaweza kumficha tena, kwa hiyo ukaguzi uhamie kwenye seva. Weka programu ya kati, yaani kipande cha msimbo ambacho kila ombi hukipitia kabla ukurasa haujatengenezwa. Kisome kuki ya mgeni (data ndogo ambayo kivinjari huirudisha kwa seva kwa kila ombi), kitafute kikao chake, yaani kumbukumbu ya kuingia kwake, kwenye hifadhidata, kisha kilinganishe siku ya mwisho ya malipo yake na saa ya seva. Ambaye muda wake umekwisha apewe aya mbili za mwanzo na bei, basi. Kuki isibebe neno «amelipa», maana atakayeligundua ataliandika mwenyewe; ibebe namba ndefu ya nasibu isiyo na maana yoyote nje ya seva yako.

Jibu la 2: Nakubaliana na mwenzangu, ila asiiamini programu ya kati peke yake. Machi 2025 ilitangazwa kasoro ya Next.js (zana ya kutengenezea tovuti), yenye namba CVE-2025-29927, iliyomwezesha mtu kuiruka kabisa programu ya kati kwa kuongeza kichwa kimoja tu (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) kwenye ombi lake. Toleo la 15.2.3 liliiziba. Rudia ukaguzi pale hasa unapolitoa somo kwenye hifadhidata. Na PDF zako je? Zikiwa kwenye folda ya wazi, huenda seva inazitoa bila kuupitia msimbo wako, na kiungo kimoja cha WhatsApp kinatosha darasa zima.

Muulizaji: Aksanti sana. PDF ziko hapo hapo ulipohofia. Nitazihamisha usiku huu, umeme ukikubali. Je, nikiweka kashe (hifadhi ya nakala za kurasa ili zifunguke haraka) mbele ya seva, haitampa asiyelipa nakala ya aliyelipa?

Jibu la 1: Yaweza kumpa, usipoikataza. Kurasa za kulipia zitume na kichwa «Cache-Control: private», ili simu ya mwanafunzi iweze kubaki na nakala yake lakini kashe ya pamoja isiihifadhi.