Tupeane uzoefu: mafaili ya nyumbani, nani afungue na nani asifungue?

Mzee wa Dagaa, Kirumba
Mwangaluka ndugu zangu. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani sebuleni na laptopu mbili, zote kwenye ruta moja. Folda ya hesabu za dagaa niliwafungulia wote ili mke wangu aandike magunia akiwa chumbani. Juzi kijana wangu wa darasa la sita, akitafuta nafasi ya kuweka katuni zake, akaifuta yote akiwa kwenye laptopu. Nikakimbilia kapu la taka, tupu. Kumbe faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kapuni, linapotea moja kwa moja. Madeni ya wateja ya miezi minne! Nimerudisha nusu kutoka kwenye daftari. Mtoto simlaumu, mlango niliuacha wazi mimi. Wenzangu mmefungaje?

Mwalimu wa Buzuruga
Pole sana mzee wangu. Mimi nilidhani nimefunga, kumbe nimeficha tu. Mitihani naandalia nyumbani, na mpwa wangu yuko darasa ninalofundisha. Niliweka alama ya dola ($) mwishoni mwa jina la folda linaloonekana kwenye mtandao, ikatoweka kwenye orodha. Lakini anayelijua jina akiliandika lote pamoja na ile dola, anaifikia. Alikuwa ameliona nikilichapa. Karatasi nzima nikaitunga upya usiku uleule.

Fundi wa Mabatini
Poleni wote. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanapokwama. Windows ina kufuli mbili kwenye folda moja, Sharing na Security, zote ziko kwenye Properties (sifa) za folda. Ile ya Sharing inamzuia anayekuja kupitia mtandao tu. Aliyekaa mbele ya kompyuta yenyewe haimgusi. Ya Security inamhusu kila mtu, awe mbali au kwenye kiti. Anayepita kwenye mtandao anapimwa na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika.

Kwa hiyo Mzee, ukifunga Sharing peke yake, kijana akikaa sebuleni anafuta vilevile. Mfungulie akaunti yake, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Kisha kwenye kufuli zote mbili ondoa makundi ya jumla kama Everyone (kila mtu) na Users (watumiaji wote wa kompyuta), uandike majina ya watu, lako likiwemo. Security itakukatalia mpaka uzime kwanza ruhusa zinazorithiwa kutoka folda ya juu.

Na nasema ondoa, usiweke Deny (katazo). Deny hushinda ruhusa, na Everyone ni pamoja na wewe mwenyewe. Niliwahi kujifungia nje ya picha za msiba wa baba huku ndugu wamekaa wanazisubiri. Nilihangaika saa nzima ndipo nikakumbuka kwamba mwenye folda bado anaweza kubadili ruhusa zake.

Mama Mwenye Nyumba, Nyegezi
Wapangaji wangu wanne ni wanachuo, na waifai ni yangu. Kijana mmoja aliniambia kwa adabu, "Mama, mikataba yetu yote tunaiona." Niliona aibu! Nikawasha mtandao wa wageni kwenye ruta. Intaneti wanapata, kompyuta zangu hawazioni tena.

Mzee wa Dagaa, Kirumba
Asanteni sana. Fundi, nimefuata hatua zako jana jioni. Mke wangu anaandika, kijana ana folda yake ya katuni. Amejaribu ya hesabu kwenye laptopu, kisha akakaa sebuleni akajaribu tena: kote imemkatalia. Nakala nimeiweka kwenye flashi, nikaichomoa, iko kabatini pamoja na daftari.