Mkandarasi anasema amefilisika, na mimi pia naelekea huko: rekodi zinatazamwa wapi?

MamaMabati, Nakuru:
Hamjambo wanajukwaa. Nina maswali mawili ya kufilisika, moja la mtu mwingine na moja langu mwenyewe.

Kuna mkandarasi aliyechukua dukani kwangu mabati, saruji na nondo kwa mkopo, akajenga nyumba za kupangisha za mteja wake, akalipwa. Mimi namdai Sh870,000 mpaka leo. Nilipoanza kumfuata akaniandikia kwa simu: "Nimefilisika kisheria, huwezi kunidai tena." Basi, hakuna cha zaidi. Na pale kwenye picha yake ameegemea gari jipya. Nitajuaje kama ni kweli? Kuna mahali raia wa kawaida anaweza kutazama orodha ya waliofilisika?

Langu sasa. Kwa sababu ya huyu na wengine wa aina yake, nimebanwa. Benki ina hati ya shamba langu, sacco inanidai na walionidhamini ni walimu wawili na dada yangu, na muuzaji wa jumla amenitumia barua kupitia wakili. Ukijumlisha yote ni kama Sh3.4 milioni. Nina pikapu kuukuu na bidhaa zilizobaki dukani. Je, na mimi naweza kujitangaza kuwa nimefilisika hapa hapa Nakuru, au ni mambo ya Nairobi na matajiri?

KaraniMstaafu:
Mama, pole. Nimebeba mafaili ya mawakili kwenye korido za mahakama maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nitakujibu kama karani, si kama wakili.

Kabla hujatafuta chochote, itoe ile hati ya kupokea mzigo. Aliyetia sahihi ni nani: yeye mwenyewe, au kampuni yenye muhuri? Wengi hurukia kutafuta jina la mtu ilhali mwenye deni ni kampuni. Kampuni haitangazwi kuwa muflisi kama mtu. Ina taratibu zake za kuvunjwa au kuwekwa chini ya msimamizi, na hapo unaanzia BRS, shirika la usajili wa biashara, kwenye eCitizen, uombe ile CR12 ujue wakurugenzi ni akina nani. Kama muhuri ni wa jina la biashara tu, lisiloishia na "Limited", basi deni ni la mwenye jina hilo, yeye binafsi.

Kama ni mtu binafsi, muulize mambo matatu kwa maandishi: namba ya kesi, mahakama gani, na tarehe ya amri. Muflisi wa kweli anayo, kwa sababu Kenya mtu hafilisiki kwa kusema. Hufilisishwa kwa amri ya Mahakama Kuu, awe ameomba mwenyewe au ameombewa na anayemdai. Na aliyewasilisha maombi tu, amri bado haijatoka, bado si muflisi. Hapo ndipo wajanja wengi hujificha: wanalipia faili lifunguliwe, halafu wanalipunga mbele ya kila anayewadai.

Sasa mahali pa kutazama. Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya Sura ya 53, inataka Mpokezi Rasmi (Official Receiver, afisa wa serikali anayeshughulikia mambo ya waliofilisika) aweke daftari la umma la waliotangazwa muflisi, wale ambao bado wamefungwa na hali hiyo na wale waliokwisha kuachiliwa. Ofisi yake iko chini ya hao hao BRS. Nenda na jina kamili na namba ya kitambulisho. Usiende na jina peke yake, kwa sababu akina Kamau na akina Otieno ni wengi na utamfilisisha asiyehusika.

Pili, Gazeti Rasmi la Serikali. Hutoka kila Ijumaa, na matoleo yake, hata ya miaka mingi nyuma, yamewekwa na Kenya Law, wachapishaji wa sheria na hukumu za nchi, kwenye tovuti yao bila malipo. Hapo hapo wameweka na hukumu. Kesi hizi za ufilisi hubeba jina la mdaiwa mwenyewe kwenye kichwa, kwa hiyo ukiandika majina yake utaona kama jaji ameshasema lolote. Akikupa namba inayoanza na herufi E, ni kesi iliyofunguliwa kwa mtandao. Peleka namba hiyo kwenye masjala ya mahakama husika uulize hali ya faili.

CRB, ile orodha ya benki ya wasiolipa mikopo, usiihesabu. Mtu anaweza kuwa CRB kwa deni la simu na asiwe muflisi hata kidogo.

Na ukikuta ni kweli? Bado hujapoteza haki yako, ila hutamfuata yeye tena. Utapeleka uthibitisho wa deni kwa msimamizi wa mali yake, pamoja na zile hati za mzigo, usimame foleni na wenzako. Hilo la gari jipya mwambie msimamizi huyo. Kazi yake ni kujua gari ni la nani na lilinunuliwa lini.

Kibarua_Mombasa:
Mimi nimepitia, ila si mlango huo mkubwa. Kuna utaratibu wa watu wasio na mali. Deni lako liwe si chini ya Sh100,000 wala zaidi ya Sh4 milioni, usiwe na mali ya kuuzwa, usiwe umewahi kufilisika wala kupitia njia hiyo kabla. Unaomba kwa Mpokezi Rasmi, huendi kwa jaji. Mimi kazi ilikwisha, mikopo ya simu ikawa inalipana yenyewe kwa yenyewe, na nyumbani palikuwa na kitanda, jiko na televisheni ya zamani. Ukikubaliwa wanaokudai wanasimama, na baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa. Matunzo ya mtoto hayakuguswa, hayo niliendelea kulipa.

Unaandika kila kitu, mpaka deni la shemeji. Na jina linaingia kwenye daftari la wazi. Jirani yangu alinionyesha mwenyewe kwa simu yake, akidhani ananipa habari mpya.

Ila mama, wewe una shamba na pikapu. Sidhani mlango huu ni wako.

MamaMabati:
Asanteni sana. Nimeitoa hati: jina ni lake, kitambulisho chake, hakuna kampuni. Nimemwandikia aniletee namba ya kesi. Amesoma, alama mbili za buluu, kimya. Kwenye Kenya Law jina lake sioni. Wiki ijayo mdogo wangu yuko Nairobi, ataenda kuulizia daftari.

Mzee, hilo langu sasa?

KaraniMstaafu:
Kimya chake kinakuelekeza pazuri. Daftari likiwa halina jina lake, mpe wakili wako hati hiyo akamdai mahakamani kama mdaiwa yeyote.

Lako. Kwanza niambie barua ya muuzaji wa jumla inasemaje. Kama ni barua ya kawaida ya wakili, una nafasi ya kuongea. Kama ni dai rasmi chini ya Sheria ya Ufilisi, linakupa siku 21. Zikipita hujalipa, hujakubaliana naye wala hujaenda mahakamani kulipinga, anaweza kukuombea wewe ufilisishwe, na hapo si wewe tena unayechagua wakati. Angalia tarehe uliyokabidhiwa, si tarehe iliyoandikwa juu ya barua.

Kuhusu Nairobi: Mahakama Kuu ipo Nakuru, huna haja ya kupanda matatu kwenda mahakama ya Milimani, Nairobi. Anayejiombea huwasilisha maombi pamoja na taarifa ya hali yake ya kifedha, yaani mali zote na madeni yote, na anatangaza kwenye gazeti linalosomwa eneo lake. Wakili, ada, tangazo: kufilisika kunataka pesa, hilo huwa halisemwi. Na jaji halazimiki kukubali. Wapo waliokataliwa kwa kuonekana wanakimbilia mahakamani kumkwepa mtu mmoja tu.

Ukikubaliwa, mali yako inahamia kwa msimamizi. Vifaa vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani sheria inavikinga kwa kiasi fulani. Benki iliyoshika hati ya shamba haiguswi na haya yote. Inaweza kuliuza tu. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe ile taarifa, asipotokea wa kupinga. Katikati hapo hugombei ubunge wala udiwani wa kaunti (sijui kama ulikuwa na nia), huwi mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na hutoki nchini bila idhini.

Kinachonisumbua kwako ni wale walimu wawili na dada yako. Wewe ukifilisika, wao hawaachiliwi. Sacco itageuka kwao siku hiyo hiyo, itakata akiba zao. Ndiyo maana mimi ningekaa kwanza na mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa, muandae mpango wa hiari: unawapa wote wanaokudai pendekezo moja la kulipa, wanalipigia kura, na mtaalamu huyo ndiye anayelisimamia. Kwa madeni yasiyo makubwa kuna pia amri ya kulipa kwa awamu kupitia Mpokezi Rasmi. Duka linaendelea kufunguliwa, na sacco ikilipwa kidogo kidogo huenda isiwaguse waliokudhamini.

Na tafadhali, usihamishe pikapu kwenda kwa jina la mtu. Usimlipe dada yako pekee kwa sababu ya undugu. Msimamizi akija atayafukua yaliyofanyika nyuma, na jaji atakusoma vibaya.

MamaMabati:
Barua nimeisoma tena. Imeandikwa siku 21, na nilipokea Jumatano iliyopita. Kesho asubuhi niko kwa wakili. Dada nimempigia, naye anaongea na wale walimu leo jioni, kabla hawajasikia kwa sacco.

KaraniMstaafu:
Vizuri. Nenda na bahasha yenyewe, ile yenye muhuri wa tarehe, na hati ya mkandarasi pia. Ile Sh870,000 ni mali yako. Iandike kwenye upande wa mali.