Naomba ushauri: plastiki ya kufunikia picha kwenye fremu

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina picha za sentimita 60 kwa 90 zitakazotundikwa kwenye sebule ya mteja huko Upanga, na kwa kuwa kioo cha ukubwa huo ni kizito na ni hatari kikianguka, nafikiria kutumia akriliki (plastiki ngumu inayoona kama kioo) yenye unene wa milimita 3. Kipande nilichonunua Kariakoo kilivuta vumbi mara tu nilipobandua karatasi yake ya kinga, na hata kitambaa laini kiliacha mikwaruzo myembamba inayoonekana taa ikiwaka. Polikaboneti, aina nyingine ya plastiki inayoona, ni ngumu kuvunjika, lakini hukwaruzika upesi zaidi.

Je, hapa Dar naweza kupata wapi akriliki yenye kinga ya mikwaruzo na ya mionzi ya jua? Na kwa unyevu wetu huu, niache nafasi kiasi gani ili picha isigandie kwenye plastiki?